Njia Iliyosafishwa Kupita Kiasi

Kabla hatujaanza, acha nikiri jambo moja. Nilipoiona ile njia ya msituni kwa mara ya kwanza, mawe meupe yamepangwa pande zote mbili kama meno ya mtoto aliyetoka kupiga mswaki, nilipiga makofi. Nikasema kwa sauti, "Hapa hata gavana anaweza kupita na kiatu chake kisichafuke!" Mimi, mtu mzima, mwenye miwani na akili zangu zote. Mvua ya kwanza iliponyesha ndipo nikajua nilikuwa nimepigia makofi kosa. Kwa hivyo mkitaka kumcheka Celestine Namalwa, anzeni na mimi, halafu mumfikie yeye polepole.

Celestine alikuwa bingwa wa ufagio. Kwao Bondeni, mtaa mmoja wa Nakuru, kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili zinazotazamana mlango kwa mlango, kila familia ina kipande chake cha uwanja, na kila kipande kina heshima yake. Kipande cha kina Celestine kilikuwa namba moja. Asubuhi na mapema, kabla jirani hajakohoa, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshainama, mkono mmoja mgongoni, akichora mistari iliyonyooka kwenye vumbi hata kuku wakaona haya kukanyaga.

Nyanya yake, Kukhu, alikuwa anaketi mlangoni na kikombe cha chai, akikagua.

"Kuna jani hapo," Kukhu alisema Jumamosi moja.

"Kukhu, hilo si jani. Ni kivuli cha kamba ya nguo."

"Basi kifagie pia."

Celestine akacheka, akaweka ufagio, akavaa viatu vya gambuti. Jumamosi ilikuwa siku ya msitu. Yeye na rafiki yake Kamande walikuwa wanachama wa Rafiki za Njia, kikundi cha watu wa kujitolea wanaotunza njia moja ya miguu kwenye mteremko wa msitu wa Menengai. Hawakulipwa hata peremende. Waliokota chupa za plastiki, wakakata matawi yanayochoma wapita njia machoni, na kuziba mashimo. Njia yenyewe ilishuka kati ya vichaka vya mileleshwa mpaka uwanja mdogo wa nyasi ambapo wageni hupiga mahema. Uwanja huo uliitwa Kambi ya Leleshwa.

Na hapo kambini ndipo roho ya Celestine ilikuwa imetundikwa.

Askari wa msitu, Bwana Kihara, ambaye watoto wote walimwita Afande, alikuwa amewaahidi watoto wa kikundi kwamba muhula huu watalala kambini usiku mmoja, kwenye mahema ya kweli. Lakini Afande hakuwa mtu wa kutoa ahadi bila kuifunga kamba.

"Njia ikiwa nzuri, mtalala," aliwaambia. "Njia ikiwa mbaya, naifunga, na hamtalala hata kwenye kibanda changu. Sitaki mtoto wa mtu avunjike mguu gizani halafu nianze kumweleza mama yake."

Tangu siku hiyo Celestine alikuwa na maswali mengi kuliko usingizi. Maisha yake yote alikuwa amelala kitanda kimoja na Kukhu, ambaye hukoroma kama treni ya mizigo ikipanda Mau Summit. Je, giza la msituni ni sawa na giza la Bondeni stima ikipotea? Ndege hulala saa ngapi? Umande huingia kwenye hema? Hakuna aliyemjibu vizuri. Kamande alisema umande huingia puani, lakini Kamande naye husema chochote.

Jumamosi hiyo kiongozi wao, Anti Sue, hakuwapo. Anti Sue ana saluni mjini, na wiki hiyo yote alikuwa ameenda kwao Kuresoi kusaidia kuvuna waru, viazi vya huko. Alimpigia simu Jamleck, kijana wa kanisani ambaye ndiye aliyebaki na watoto. Mtandao wa Kuresoi ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haya.

"Jamleck, waambie hao watoto wasafishe njia vizuri," sauti ya Anti Sue ilikatakata. "Iwe safi kabisa! Sawa? Safi ka..." Simu ikafa.

"Mmesikia amri," Jamleck alisema. "Safi kabisa."

Kumwambia Celestine "safi kabisa" ni kama kumwambia ng'ombe kwamba geti la shamba la mahindi liko wazi. Alishika reki, akaanza juu kabisa kwenye geti la msitu, akishuka. Majani makavu yakaenda. Vijiti vikaenda. Halafu gambuti ya Kamande ikagonga kitu, na Kamande mwenyewe akaenda, akatua kwa tumbo.

"Woi! Nani aliacha mawe katikati ya barabara?"

Celestine akachutama. Mawe makubwa kama vichwa vya kabichi yalikuwa yamezama nusu ardhini, yamepangana kukatiza njia. Hayakukatiza moja kwa moja. Yalikwenda mshazari, upande mmoja juu, upande mwingine chini, kama mtu aliyeanza kujenga ukuta akiwa na usingizi. Pale mstari ulipoishia, pembeni mwa njia, palikuwa na kimfereji kilichojaa majani yaliyooza. Hatua kadhaa chini, mstari mwingine wa mawe. Na mwingine tena.

"Hii ni nini?" Celestine aliuliza. "Uncle Jamleck, nani alipanga haya mawe hivi?"

Jamleck alikuna kidevu. Alikuwa amejiunga na kikundi juzijuzi tu, kama watoto wenyewe, na alikuwa kijana mwenye roho nzuri isiyopenda kusema sijui. "Hayo? Yaliletwa na maji. Mvua ikinyesha inasukuma mawe."

"Lakini mbona yako kwa mstari?"

"Maji nayo yana mistari yake."

Jibu hilo halikumtosha Celestine. Alilizungusha kichwani, akaliona lina tundu. Lakini kazi ilikuwa nyingi, na Kamande alikuwa bado anapangusa vumbi puani akilaani kila jiwe la Menengai. Na tena, picha moja ilikuwa imeshamjia kichwani, picha ambayo kila mwanafunzi wa Kenya anaijua: ile njia ya kutoka geti la shule mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, imefagiwa, na mawe yamepangwa pande zote mbili, yamepakwa chokaa, meupe pepepe.

"Tuyang'oe," alisema. "Tuyapange kando. Kama shuleni."

Jamleck uso ukamng'aa. "Na mimi nina chokaa! Ilibaki tulipopaka ua wa kanisa. Nusu ndoo nzima!"

Basi wakayang'oa. Walisukuma mawe kwa mtaimbo, wakayabeba wawili wawili, wakitembea kinyumenyume kama kaa. Vile vimfereji vya pembeni, Celestine aliviona ni vichafu sana, akavijaza udongo na kuvisawazisha kwa mgongo wa jembe. Kufika saa za chai ya jioni njia ilikuwa imeteremka moja kwa moja, laini, bila jani, ikiwa na mawe meupe kila upande. Jamleck alipiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Vidole gumba na makofi vikamiminika, ila kule Kuresoi picha haikufunguka. Ndio siku hiyo hiyo mimi nami nilipita pale na miwani yangu, nikasema lile neno la gavana.

"Afande akiona hii," Kamande alisema, "atatupa kambi na bunduki yake juu."

Celestine alienda nyumbani mikono ina malengelenge na moyo umejaa.

Mvua ilikuja katikati ya wiki, usiku, ile mvua ya Nakuru inayopiga mabati kama inadai kodi. Kesho yake baada ya shule Celestine na Kamande walipanda msituni, gambuti zikivuta matope. Walimkuta Bwana Kihara amesimama getini, mikono kiunoni. Jamleck alikuwa kando yake.

Njia haikuwapo. Mahali ilipokuwa palikuwa na mtaro, wenye kina cha magoti, uliochimbwa katikati kuanzia juu mpaka chini kama mtu aliyepasua mkate kwa kidole. Nusu ya mawe meupe yalikuwa yametumbukia humo. Na kule chini, Kambi ya Leleshwa ilikuwa dimbwi la matope ya kijivu, na mawe meupe machache yakichungulia humo kama mayai.

Celestine alisogea mpaka ukingoni, akachungulia ndani ya mtaro.

"Mvua imetuonea," Bwana Kihara alisema, bila hasira. "Si kosa la mtu. Lakini Jumamosi nitapita kukagua. Nikikuta mtaro, naweka kizuizi, na habari ya kulala mahemani iishie hapo mpaka mwaka ujao."

"Tutajaza udongo, Afande," Jamleck alisema haraka. "Tutajaza, tusawazishe, tupange mawe tena. Nitaleta chokaa ingine."

"Mvua ni kazi ya Mungu," Bwana Kihara akamaliza, akarudi kibandani.

Kila mtu alikuwa amepata wa kulaumu, na huyo wa kulaumiwa alikuwa juu mawinguni, hawezi kujibu. Ingekuwa mtoto mwingine, hapo ndipo angepumua. Lakini Celestine alikuwa anatazama upande wa pili wa geti, mahali njia nyingine inapoteremka kwenda kwenye vitalu vya miche. Mteremko ni ule ule. Udongo ni ule ule, wa majivu ya volkano, laini kama unga. Mvua ilikuwa ile ile.

Njia hiyo haikuwa na mtaro hata wa kupitisha mjusi.

"Kamande," alisema, "mvua ilichagua?"

"Ilichagua nini?"

"Twende tuone."

Walishuka njia ya miche. Ilikuwa chafu vibaya sana, majani kila mahali, na Celestine vidole vilimwasha kutafuta reki. Halafu akayaona. Mawe, yamezama nusu, yamekatiza njia kwa mshazari. Mwisho wa kila mstari, kimfereji. Ndani ya kila kimfereji, alama mbichi za maji yaliyopita usiku, nyasi zimelala zikielekea msituni.

Alikimbia hadi kwenye tangi la vitalu, akaomba mtungi, akaujaza, akaubeba kwa shida huku Kamande akimfuata akiuliza kama amepata wazimu. Alisimama juu ya mstari wa mawe, akamimina.

Maji yaliteremka kwa haraka. Yakafika kwenye mawe, yakasita kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, yakageuka. Yakateleza kando ya mawe, yakaingia kwenye kimfereji, yakapotelea kwenye nyasi. Chini ya mawe njia ilibaki kavu.

"Ebu rudia," Kamande alisema.

Walirudia. Yaligeuka tena. Kamande akaenda kuchota mwenyewe, wakamimina tena, kwa sababu ilikuwa tamu kutazama. Halafu wakabeba mtungi mpaka kwenye njia yao ya mawe meupe, wakapata kipande kidogo cha juu kilichokuwa hakijabomoka, wakamimina pale. Maji hayakusita. Yalishuka kama lori lililokatika breki, yakabeba udongo njia nzima, mawe meupe yakiyatazama tu kutoka pembeni kama askari wa gwaride.

Celestine alikaa chini, kwenye matope.

"Ni sisi," alisema. "Yale mawe yalikuwa yanafanya kazi. Tuliyafuta kazi."

Kamande aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama karibu na sikio lake. "Cele, sikia. Afande amesema ni mvua. Mvua haitakuja kortini kujitetea. Tunajaza huo mtaro, Jumamosi anakagua, tunalala kambini, kwisha. Ukifungua mdomo, kambi imeenda. Na wewe ndiye unataka kulala huko kuliko sisi wote. Uliniuliza habari ya umande mpaka nikaota umande."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalikuwa mazito. Celestine aliyabeba mpaka Bondeni. Usiku, Kukhu akikoroma, aliyageuza huku na huku. Wakijaza udongo, Afande atakuja, atakuta njia imesawazika, atawapa ruhusa. Kisha watapiga mahema pale chini. Halafu je, mvua ikinyesha wakiwa wamelala ndani? Aliona ule mtaro, aliona yale mawe yanavyobingirika gizani kwenda kambini. Baada ya hapo hakuona tena sababu ya kujiuliza sana.

Jumamosi Anti Sue alirudi, mchangamfu, amefunga kitambaa kichwani, na gunia dogo la waru alilowaletea. Aliteremka kutoka kwa bodaboda getini, akatupa jicho kwenye ile njia, na kicheko chake kikafia njiani.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Mvua ilikuwa kubwa," Jamleck alieleza, ndoo ya chokaa mkononi. "Lakini leo tunajaza."

Bwana Kihara alikuwa ameshafika kukagua, fimbo kwapani. Kamande alimkanyaga Celestine mguu, polepole, kumkumbusha. Celestine akautoa mguu.

"Si mvua," alisema.

Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. Akairudia. "Afande, Anti, si mvua. Ni mimi. Kulikuwa na mawe yamekatiza njia. Nilisema tuyang'oe ili iwe safi kama shuleni. Na vile vimfereji nilivijaza. Mkija, nitawaonyesha."

"Ni sisi," Jamleck akasema, uso umemwiva. "Chokaa ilikuwa yangu. Na aliponiuliza mawe ni ya nini, nilimdanganya ni maji yaliyoyapanga. Sikujua, na sikutaka kusema sijui."

Kamande alikohoa. "Mimi nilibeba tu," akasema, kisha akaona haya. "Mengi, lakini."

Celestine aliwaongoza mpaka njia ya miche na mtungi wake. Akamimina. Maji yakateremka, yakasita, yakageuka. Bwana Kihara aliyatazama, akamwambia amimine tena. Akayatazama mara ya pili kwa makini. Yeye alihamishiwa msitu huu baada ya mawe kupangwa, na alikuwa ameyaruka kila siku bila kuyauliza jina.

Anti Sue ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti. "Jamani, hayo mawe tulibeba mwaka juzi, mimi na wenzangu wanne! Mgongo wangu uliuma mpaka nikanyoa wateja nimekaa. Tunaita kinga maji. Na mimi hapa nawapigia simu, safisheni, safisheni, iwe safi kabisa." Akapangusa macho, kicheko kikaisha. "Sikuwaambia hata siku moja kwamba yapo. Nilidhani mtu akiyaona atajua. Hilo ni langu, Afande. Liandike kwa jina langu."

"Mimi siandiki majina," Bwana Kihara alisema. "Mimi naangalia njia." Alimgeukia Celestine, na Celestine akajua sasa adhabu ndiyo inakuja. "Kulala juma hili, hakuna. Futa kabisa."

Celestine aliitikia kwa kichwa.

"Rudisheni mawe. Mkimaliza, tutangoja mvua. Mvua nzuri, si manyunyu. Ikipita juu ya kazi yenu na njia ikabaki njia, mje tuongee habari ya mahema. Ikibomoka, nafunga."

Jamleck aliangalia ile ndoo ya chokaa, akaifunika kifuniko.

Walifanya kazi Jumamosi hiyo, na iliyofuata pia. Celestine aliuliza maswali mpaka Anti Sue akaomba mapumziko. Mbona mawe yazikwe sana hivyo? Ili maji yasiyang'oe. Mbona mshazari, si moja kwa moja?

"Ukiyazuia maji uso kwa uso, yataruka au yatachimba," Anti Sue alisema, akisukuma jiwe kwa goti. "Ni kama mteja mkali saluni. Humfukuzi. Unamwambia, mama, karibu, kiti chako ni kile pale. Anakwenda mwenyewe, na anafikiri ni uamuzi wake."

"Na majani? Tuyaache?"

"Njiani yaache, yanapunguzia matone nguvu. Kwenye mfereji yatoe, yanaziba mlango. Unaona? Hata uchafu una mahali pake."

Celestine alitafakari jambo hilo muda mrefu. Lilikuwa geni kabisa. Bondeni hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba uchafu una mahali pake, na alijua hawezi kuthubutu kumwambia Kukhu.

Baada ya hapo walingoja mvua. Watoto wa Bondeni hawapendi mvua, matope yake huingia mpaka kitandani, lakini Celestine na Kamande walitembea wakitazama juu kama watu waliopoteza kishada. Siku tatu, jua kali. Siku ya nne mawingu yalijikusanya juu ya Menengai, yakafikiria, yakaenda zao upande wa Bahati. Kamande alitaka kwenda kuyarudisha.

Iliponyesha, ilinyesha kweli. Ilipiga mabati usiku kucha, na Celestine alilala macho wazi akihesabu mawe kichwani, jiwe moja baada ya jingine, akijiuliza kama lile la karibu na mti ulioinama alilizika vya kutosha.

Mchana walimkuta Bwana Kihara katikati ya njia. Alikuwa anateremka taratibu, akigusa kila mstari wa mawe kwa fimbo. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wao walimfuata nyuma bila kupumua. Pale kwenye mti ulioinama jiwe moja lilikuwa limelegea, akalisukuma kwa kiatu, likakataa kutoka. Aliendelea. Njia ilikuwa na majani, na vijiti, na kinyesi cha mbuzi mahali pawili, ila ilikuwa njia. Kule chini nyasi za kambi zilikuwa za kijani.

"Mmh," Bwana Kihara alisema.

"Mmh nini, Afande?" Celestine aliuliza.

"Mmh, leteni mablanketi."

Walilala kambini Ijumaa iliyofuata. Walichoma waru za Kuresoi kwenye makaa, wakazila na chumvi, zikiwachoma vidole, na Kamande akala hadi akaomba mkanda wa suruali uitiwe daktari. Jamleck alimwaga ndoo nzima ya maji juu ya makaa mpaka yakaacha kulia, kama Afande alivyoagiza. Ndipo Anti Sue akakohoa kidogo, na wote wakajua anakuja na neno.

"Nataka kuwaambia kitu, halafu mlale," alisema. "Ile kazi mliyofanya mara ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko ya pili. Mlitoka na malengelenge. Bidii mlikuwa nayo, tena ya kuuza. Lakini bidii haijui inakokwenda, ni lazima uiulize njia kwanza. Ukikuta kitu kimewekwa na mkono wa mtu, na hujui kwa nini, usikitoe mpaka ujue. Uliza. Ukijibiwa jibu lenye tundu, uliza tena. Na wewe unayeulizwa, kama hujui, sema sijui. Haiumi."

"Inauma kidogo," Jamleck alisema.

"Inauma kidogo," Anti Sue alikubali. "Na ukigundua umekosea, sema mapema. Kosa la mapema linabebeka kwa karai. Ukilificha, siku ya kulitoa utahitaji lori. Celestine alisema mapema, na ndiyo maana leo tunalala pakavu. Haya, mahemani. Anayekoroma atalala nje."

Wote walikoroma, Anti Sue kuliko wote.

Celestine aliamka wa kwanza. Alfajiri ilikuwa imeanza kupauka. Alifungua zipu ya hema kidogo kidogo, akaugusa umande kwa kidole, akatoka nje pekupeku. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya mileleshwa, na harufu kali ya majani ya vichaka hivyo ilimjaza pua. Alipanda njia mpaka mstari wa kwanza wa mawe, akasimama ghafla.

Kwenye matope laini, pale maji yanapogeukia, palikuwa na nyayo. Ndogo, mbichi, zenye ncha mbili mbele. Zilikuwa zimekuja kutoka msituni, zikasimama kwenye lile jiwe, zikazunguka, kisha zikarudi zilikotoka. Kuna kitu kilikuwa kimesimama hapa usiku, wao wamelala, kikafikiria jambo.

Alichutama. Hakugusa. Aligeuza shingo kuelekea mahema.

"Kamande," aliita kwa mnong'ono. "Anti. Uncle Jamleck. Amkeni mje mniambie hizi ni nyayo za nani. Tafadhali, kabla jua halijazikausha."

Kambi ilikuwa kimya, isipokuwa mkoromo. Akaita tena.